Simu yako inakuwahisha au inakuchelewesha? (Sehemu ya 6)

 

Wiki iliyopita tulimaliza mada ya kunyonyesha. Leo nilipanga tuanze chakula cha mtoto wa miezi sita, lakini meseji zenu zimenigeuza njia. Naona mnanitumia habari za simu tu. "Nesi, kuna programu ya ujauzito, niipakue?" "Nesi, nimeiuliza akili mnemba ikasema ni kawaida, ni kweli?" "Nesi, mume wangu anataka kuninunulia simu janja, tuchukue ipi?" Haya, uji wa mtoto tuusogeze wiki moja mbele. Leo tuongee simu.

Mimi si fundi wa simu, na yangu yenyewe kioo kina ufa. Ila nimekaa wodi ya wazazi miaka ya kutosha kujua simu inamfanyia nini mama saa nane ya usiku. Kwa hiyo maoni ninayo, na leo nayasema yote. Usiponielewa au usipokubaliana nami, andika hapo chini, tutabishana kwa amani.

Kwanza nikupe kipimo ninachotumia. Chuoni tulifundishwa kwamba mama mjamzito akifariki, mara nyingi kuna mahali alichelewa. Pako mahali patatu. Pa kwanza ni nyumbani: kuchelewa kuamua kwamba hali hii si ya kawaida, twende. Pa pili ni njiani: mmeamua, lakini gari hakuna, hela hakuna, mto umejaa. Pa tatu ni kwetu: umefika na huhudumiwi haraka. Hapo pa tatu mtudai sisi, wala msione aibu kutudai. Lakini hapo pawili pa mwanzo ndipo simu inapoingia. Kwa hiyo nikiletewa programu yoyote, iwe ya bure, ya kulipia, ya Kizungu au ya Kiswahili, nauliza swali moja tu: inampunguzia mama kuchelewa, au inamwongezea?

Ukishika swali hilo, habari nyingi za teknolojia utaziona tofauti. Simu mpya yenye kamera tatu, sawa, picha za mtoto zitapendeza. Haikupunguzii kuchelewa hata dakika moja. Lakini kuna namba ya tarakimu tatu ambayo inapigika hata kwenye kiswaswadu cha bibi, na imebeba akina mama wengi kuliko programu zote mnazonitumia.

Namba hiyo ni 115. Ni ya mfumo wa m-mama. Wengi mmeiona kwenye mabango mkapita. Naomba leo msipite.

Mfumo huu ni mtoto wa kwetu. Ulijaribiwa Sengerema, hapo jirani na Geita, na hapa Shinyanga, kabla Rais Samia hajauzindua kitaifa mwezi Aprili 2022. Ukasambaa mikoani, na hata Lesotho wameuchukua. Watu wa Kanda ya Ziwa tumezoea kusikia teknolojia inatoka Dar es Salaam au ng'ambo ndiyo inatufikia sisi mwishoni. Hii ilianzia kwenye vumbi letu.

Unavyofanya kazi ni hivi. Unapiga 115, bila malipo. Anapokea mtu, narudia, mtu, aliyekaa kwenye kituo cha uratibu. Anakuuliza maswali: mimba ya miezi mingapi, damu inatoka kiasi gani, amepata degedege, uko kijiji gani. Mfumo ulioko mbele yake unamsaidia kupima uzito wa hali na kuchagua kituo kinachofaa. Gari la wagonjwa likiwa karibu, linakuja. Lisipokuwepo, anaitwa dereva jamii, yaani mwenye gari wa hapo hapo mitaani ambaye alishaandikishwa na kuelekezwa. Akishamfikisha mgonjwa na mhudumu akathibitisha, dereva analipwa kwa simu. Wewe hulipi.

Hapo kwenye malipo ndipo ulipo ujanja wote. Fikiria mama yuko kijiji cha wachimbaji, uchungu umegeuka damu, saa nane usiku. Zamani mazungumzo na mwenye gari yalianza na bei, halafu mafuta, halafu "mna kianzio?" Baba anazunguka kugonga milango akikopa, na damu haisubiri. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupotea ndani ya saa mbili. Mfumo ule umeondoa mabishano ya bei mlangoni. Ukiniuliza programu gani bora nchini, nitakutajia hiyo, na wewe mama huhitaji hata kuipakua.

115 ni ya dharura ya mjamzito, ya mama aliyejifungua ndani ya siku 42, na ya mtoto mchanga wa hadi siku 28. Si ya kwenda kliniki ya kawaida, wala si ya kumrudisha bibi nyumbani. Ukiipiga bila dharura, kuna mwenzio unamchelewesha.

Na mtandao ukigoma? Huku kwetu unagoma sana, tusidanganyane. Kuna vijiji ambako lazima upande kichuguu ndipo upate mnara. Usikae kupunga simu hewani. Nendeni zahanati iliyo karibu kwa chochote kilichopo, na mhudumu atakayewapokea ataanza kuwatafutia usafiri kutoka hapo.

Sitaki mtu aseme nesi kasema simu ndiyo imemaliza vifo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Huko kushuka kuna mikono mingi ndani yake: vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji, wakunga, barabara, dawa, damu salama. Simu ni mkono mmoja. Na 104 bado ni 104, kila mmoja wao alikuwa na kadi ya kliniki au alipaswa kuwa nayo.

Sasa nije kwa hizo programu zenu za ujauzito.

Sizichukii. Zina picha nzuri, "wiki hii mwanao ana ukubwa wa embe." Mama anafurahi, na furaha ni afya. Tatizo langu liko kwenye tarehe. Nyingi zinapiga hesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, na zinaanza na mzunguko wa siku 28 labda uzibadilishe mwenyewe. Sasa wewe ulishika mimba ukiwa bado unanyonyesha, hedhi ilikuwa inakuja na kupotea, tarehe uliyojaza ni ya kukisia. Programu inakupa siku ya kujifungua kwa herufi kubwa za rangi ya waridi, nawe unaiamini kuliko tumbo lako. Wapo akina mama wanaofika kwetu wamechelewa kwa sababu "simu imesema bado wiki tatu." Mtoto hasomi simu. Uchungu ukianza, chupa ikipasuka, njoo. Tarehe tutaijadili ukiwa kitandani.

Kuna la pili, la siri. Mwaka 2021 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilimalizana kwa makubaliano na kampuni ya Flo, yenye programu maarufu ya kufuatilia hedhi. Tuhuma ilikuwa kwamba iliwapa kampuni nyingine, zikiwemo Facebook na Google, taarifa za afya za watumiaji huku ikiwa imewaahidi kuzitunza. Agosti 2025 baraza la mahakama kule California likaamua kwamba Meta, wenye Facebook, walivunja sheria ya faragha ya jimbo hilo katika suala hilo hilo. Utasema, "Nesi, mimi wa Katoro Meta atanijua wapi?" Mimi nakuuliza: simu hiyo unashika peke yako? Binti wa miaka kumi na tisa anaandika hedhi yake imechelewa, kesho matangazo ya nepi yanajitokeza mbele ya shemeji. Akishaumbuka hivyo, mara nyingine hata kliniki anaogopa kuja. Hapo teknolojia imemwongezea kuchelewa. Ukitaka kuhesabu siku zako, kalenda ya ukutani yenye duara la kalamu haipeleki umbea kwa mtu.

Wengine mtakumbuka kulikuwa na Wazazi Nipendeni. Ilizinduliwa mwaka 2012 na Wizara ya Afya pamoja na wadau. Ulikuwa unatuma neno "mtoto" kwenda 15001, na meseji zinakuja bure kwa Kiswahili kulingana na umri wa mimba: nenda kliniki, lala kwenye chandarua, andaa usafiri. Haikuwa na picha wala rangi. Ilifika kwenye kitochi. Naikumbusha kwa sababu siku hizi watengenezaji wanaanzia kwenye simu ya bei mbaya halafu wanashuka, na mara nyingi hawafiki chini. WhatsApp walipoanza mwaka 2023 kudai Android 5.0 kwenda juu, kuna simu janja za zamani zilizobaki nje. Mwaka 2024 wakatangaza kuziacha simu za KaiOS, zile kitochi zilizokuwa na WhatsApp ndani. Kwa mtu wa mjini hiyo ni habari ndogo. Kwa mama aliyekuwa anapokea ujumbe wa kikundi cha wajawazito kwenye simu ile, ni mlango umefungwa. Kwa hiyo ninyi mnaoanzisha vikundi vya WhatsApp vya kliniki, pongezi, lakini wekeni pia orodha ya kupigiwa. Asiye na bando naye ana mimba.

Akili mnemba sasa. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 watu wameizoea, na Kiswahili inakijua. Mama anaweza kuiuliza jambo ambalo anaona aibu kumuuliza mkwe. Hilo ni jema. Itumie kujifunza, itumie kuandaa maswali ya kuniuliza kliniki, mimi nafurahi mama akija na maswali yake yameandikwa.

Usiitumie kuamua kubaki nyumbani. Ile haikuoni. Haiwezi kuona uso wako umevimba kuliko jana. Haikupimi presha. Ukiandika "kichwa kinauma," inakupa sababu kumi, na mtu mwenye hofu anachagua ile anayoipenda: uchovu, jua, kukosa maji. Mjamzito mwenye maumivu makali ya kichwa, anayeona ukungu mbele ya macho, aliyevimba uso na mikono, anaweza kuwa anaelekea kifafa cha mimba. Hapo swali moja zaidi kwenye simu ni dakika nyingine imepotea. Na hilo silisemi kwa akili mnemba peke yake. Kikundi cha akina mama chenye watu mia mbili wanaokuambia "mimi pia nilivimba hivyo hivyo nikajifungua salama" kinachelewesha vile vile. Aliyepata shida hayumo humo kukujibu.

Nije kwenye lile linaloniumiza zaidi: programu za mikopo.

Nitasimulia moja, na jina la mtu wala la programu sitalitaja. Mama mjamzito, mama lishe, anawapikia wanaaapolo kwenye mwalo. Alikopa kwa simu elfu hamsini za kununulia mchele, siku saba. Wakati wa kujiunga programu iliomba ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu, akabonyeza ndiyo, kama tunavyobonyeza wote. Wateja wakakwama kumlipa, siku ya saba ikapita. Siku ya nane meseji zikaanza kwenda kwa baba mkwe, kwa mchungaji, kwa mwenye nyumba: huyu ni tapeli, mwambieni alipe. Kwa aibu akaitoa laini, akaweka nyingine.

Sasa kliniki alikuwa ameacha namba ya zamani. Presha yake ilikuwa imepanda kidogo, tulimwambia arudi baada ya siku chache. Hakurudi. Tukampigia siku nne: "Namba unayopiga haipatikani." Mhudumu wa afya wa kijiji ndiye aliyemfuata kwa miguu, akamkuta jikoni, uso umevimba na kichwa kinamgonga. Alifika, akatibiwa, akafanyiwa upasuaji, yuko hai na mwanawe yuko hai. Lakini mkopo wa elfu hamsini ulikuwa umekata kamba pekee iliyomuunganisha na sisi.

Tunazijua "kausha damu" za vikundi, zile za kuja kuchukua kabati na masufuria. Hizi za kwenye simu ni kausha damu isiyo na sura. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya biashara bila leseni. Mwaka huo huo ilishatoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali. Google nao tangu 2023 wanazikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lao kuchukua majina na picha za kwenye simu yako. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Kwa hiyo anayemtumia meseji mchungaji wako kuhusu deni lako hajapewa haki hiyo na mtu, hata kama deni ni la kweli.

Kabla hujakopa, tazama kama kampuni hiyo ina leseni ya Benki Kuu. Programu iliyotumwa kama faili kwenye WhatsApp, nje ya duka, usiiguse. Ingia kwenye mipangilio, fungua programu, tazama ruhusa, uondoe majina na picha. Na ukibadilisha laini kwa sababu yoyote ile, hata kama ni ya aibu, tuambie kliniki. Hatukuulizi kwa nini. Tunafuta namba ya zamani, tunaandika mpya, basi.

Na akina baba mnaosoma, maana najua mpo mnasoma kimya kimya, hili ni lenu. Nyumba nyingi zina simu moja nzuri, nayo ni ya baba. Baba akishuka kwenye duara, simu inashuka naye, na chini kule hakuna mtandao. Kwa hiyo mke wa miezi minane amebaki juu bila simu, na kadi yake ya kliniki ina namba ya mtu aliye futi nyingi chini ya ardhi. Mnanipigia kelele "nesi, simu janja ipi?" Kama hela ni ya simu moja, nunua kitochi chenye betri la siku tatu, kiwe cha mama, kisitoke nyumbani. Inayobaki iwekwe ya dharura. Huo ndio ushauri wangu wote wa teknolojia kwa mwaka huu.

Mama, leo kabla hujalala fanya haya. Hifadhi 115 kwenye simu yako, halafu iandike kwa mkaa au chaki nyuma ya mlango, kwa sababu siku hiyo anayepiga huenda asiwe wewe. Mfundishe mtoto wako mkubwa, mwambie mama mkwe, mwambie jirani mnayechota naye maji. Andika jina la kijiji, kitongoji na alama ya kuelekeza gari: kanisa, msikiti, karasha, mti. Hakikisha kadi yako ya kliniki ina namba mbili, yako na ya mtu anayekaa juu ya ardhi mchana kutwa.

Na dalili hizi zisisubiri jibu la mtandaoni. Kwa mjamzito na aliyejifungua: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, maumivu makali ya tumbo, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kupunguza kucheza. Kwa mchanga: kukataa kunyonya, kupumua kwa shida, mwili wa moto au wa baridi, kulegea, degedege, macho na ngozi kuwa njano, kitovu kutoa usaha.

Jumatano ijayo uji wa miezi sita, karanga na dagaa zetu za Ziwa zikiwemo, naahidi. Kwa leo andika hapo chini kijiji chako na kama mtandao unashika usiku. Nataka nijue wapi tunahitaji kutafuta njia nyingine kabla mvua hazijaanza.